Jino la Ndovu wa Mkomani

Bombolulu, Mombasa
31 Agosti 2025

Mpwa wangu Eddah,

Ukiisoma barua hii, kaa vizuri, kwa sababu aliyekuandikia si yule mjomba Randu uliyemwacha likizo akipaka rangi vibanda vya mboga. Siku hizi mimi ndiye ninayeamua miungu ivae rangi gani. Hekalu zima la Wahindi pale Mkomani limesimama linaningoja. Nikisema leo hatupaki, hakupakwi. Nikisema samawati hii imepauka, wazee wa kamati wanatazamana, wanakwenda kuleta samawati nyingine. Hata gavana sidhani kama anasikilizwa hivyo.

Sasa salamu. Hujambo mwanangu? Masomo yanaendaje, na ile baridi ya huko Taita unaivumilia? Mkaza mjomba wako Margret ni mzima, anakusalimu, anasema usisahau kula. Mama yako kule Kaloleni alipita hapa juzi na mihogo, mguu wake hauumi tena. Alilalamika kwamba hanipati kwenye simu. Ni kweli. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya rangi ya chungwa, ikatoka imenyamaza. Nimeamua kutonunua nyingine haraka, maana watu wakubwa hawapatikani ovyo. Na nyinyi huko bweni hamruhusiwi simu, kwa hiyo mimi na wewe tumelingana: tutaandikiana kama watu wa zamani.

Kazi yenyewe ni hii. Kabla ya Diwali, ile sikukuu yao ya taa, hekalu linapakwa upya. Waliwaita mafundi wengi. Mmoja alipaka sampuli ukutani, mwenyekiti akatikisa kichwa. Mimi nilipofika nilitazama tu ule ukuta, nikanyamaza. Mwenyekiti akasema, "Huyu anajua." Ndivyo nilivyopata kazi, kwa kunyamaza. Unajua mimi darasa la sita niliacha mwenyewe, walimu walikuwa wamemaliza cha kunifundisha, lakini kwenye rangi nina digrii. Mzungu wa hoteli moja kule Shelly Beach alilia machozi aliponiona nimemaliza dari lake.

Nina msaidizi, Mkamba mmoja mtu mzima mwenzangu, anaitwa Musyoka. Kazi yake ni kukoroga rangi na kuosha brashi. Hasemi sana.

Sasa nikwambie nilichokiona, maana tangu nifike pale kichwa changu hakitulii. Juu ya lango lao kuna sanamu kubwa ya saruji. Mtu ameketi, amekunja mguu mmoja, ana tumbo la tajiri, mikono minne, na kichwa cha ndovu. Ndovu kweli, na mkonga wake na masikio. Miguuni pake kuna panya. Panya, Eddah! Mimi nilielewa mara moja. Nikamweleza Musyoka kwamba huyo alikuwa mfalme wa zamani, alikwenda kuwinda Shimba Hills, akapambana na ndovu siku nzima bila mshindi, mwishowe wakapatana wagawane: mfalme atoe mwili, ndovu atoe kichwa.

Kumbe nyuma yangu kuna mama ameketi kwenye kigoda anatunga maua. Mama Manjula. Ni Mhindi mzee, kazaliwa hapa hapa Mombasa, Kiswahili chake cha Mji wa Kale kinanishinda hata mimi. Kila asubuhi huwa pale chini ya lango, anatunga mashada ya maua ya kuwavisha miungu. Akaniuliza:

"Fundi, hadithi hiyo umeitoa wapi?"

"Nimeisoma, mama."

"Basi hicho kitabu kilinyeshewa."

Nikacheka, lakini niliona haya kidogo. Halafu akaniambia nivue viatu niingie ndani nikatazame vizuri, ndipo nipake. Nilivua. Mlangoni kuna kengele inaning'inia, kila aingiaye anaigonga. Mimi niliigonga kwa mkono wa fundi, na njiwa wote wa Mkomani wakahamia Kongowea. Ndani kuna harufu ya ubani na samli, sakafu ni baridi nyayoni, na kila pembe kuna mtu wa marumaru amevaa nguo ya kumetameta anakutazama. Margret aliponiona nimerudi na harufu ya ubani akaniuliza kama nimebadili kanisa. Nikamwambia nimekwenda kikazi.

Nijibu upesi. Wewe ndiwe msomi wetu.

Mjomba wako,
Randu Tsuma, Fundi Mkuu


Shuleni
10 Septemba 2025

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, baridi ipo lakini nimeizoea, na kula nakula, mwambie mkaza mjomba. Tulifanya mtihani wa hesabu, sitaki kuuzungumzia.

Barua yako niliisoma kwanza peke yangu, halafu nikaisoma kwa sauti bwenini baada ya chakula, na wasichana walicheka mpaka matroni akaja. Sasa kila siku naulizwa kama mjomba ameandika tena. Lakini mjomba, wengine walitaka kuandika hadithi yako ya Shimba Hills kwenye daftari la dini, na mimi nikawazuia. Niliwaambia mjomba wangu hakuwa amemaliza kuuliza.

Kwa hiyo nakuomba. Uko pale kila siku. Mimi sijawahi kuingia hekalu la Wahindi, tunapita tu nje tukiona bendera. Muulize huyo Mama Manjula ukweli wake: kichwa kile kilitoka wapi? Panya anafanya nini pale? Kwa nini mikono minne? Usimwambie umesoma. Muulize tu kama asiyejua.

Mwalimu wetu wa dini, Madam Emmaculate, anasema hekaya za watu ni mlango wa kuwajua. Aliposikia una kazi pale aliniambia, "Una bahati, una mtu ndani." Nilifurahi sana mjomba. Huwa siambiwi hivyo.

Wako,
Eddah


Bombolulu
18 Septemba 2025

Mpwangu Eddah,

Hapa sote wazima. Margret ameanza kuuza mahamri asubuhi pale kituoni, yanaisha kabla jua halijapanda. Mama yako anauliza kama sare yako bado inakutosha. Huyo mwalimu wako Emmaculate ni mwanamke mwenye akili, mpe salamu zangu, mwambie nina mengi.

Nilimuuliza. Sikumuuliza kama asiyejua, maana heshima yangu kazini ni lazima nichunge. Nilimwambia, "Mama Manjula, hebu tulinganishe: wewe nieleze yako, nami nione kama inafanana na yangu." Akanitazama juu ya miwani. Akasogeza kikapu cha maua, akaniambia niketi.

Basi sikiliza. Kulikuwa na mama mmoja, mungu wa kike, jina lake Parvati. Mume wake Shiva alikuwa mtu wa kwenda milimani akapotea. Siku moja mama anataka kuoga, na hana wa kumlindia mlango. Akajisugua manjano mwilini, kama wanavyosinga maharusi hapa kwetu, akakusanya ile manjano iliyotoka, akafinyanga mtoto, akampulizia uhai. Akamwambia, "Mwanangu, simama mlangoni. Asiingie mtu." Mtoto akasimama. Mara mume karudi. Anataka kuingia kwake, anakuta kijana asiyemjua.

"Pisha."

"Hupiti."

"Mimi ndiye mwenye nyumba!"

"Mimi nimeambiwa asiingie mtu."

Hapo mimi nikasimama, Eddah. Nikamwambia Mama Manjula yule mtoto alikuwa na haki! Umeambiwa asiingie mtu, mwenye nyumba si mtu? Mama akasema, "Keti, fundi, bado." Shiva akakasirika, akachomoa silaha, akamkata kichwa. Parvati katoka bafuni, kaona mwanawe. Kilio chake, anasema Mama Manjula, kilitikisa dunia, akaapa ataimaliza dunia yote kama mwanawe hafufuki. Shiva akajuta. Akatuma watu: nendeni, kiumbe wa kwanza mtakayemkuta amelala ameelekea kaskazini, leteni kichwa chake. Wakamkuta ndovu. Ndiyo hivyo. Jina lake Ganesha, na kwa kuwa alilinda mlango ule wa kwanza, mpaka leo huwekwa milangoni, na kila jambo likianza anasalimiwa yeye kwanza. Harusi, safari, duka jipya. Hata mtihani wa hesabu, nimemuuliza, anasema ndiyo.

Panya ndiye kipando chake. Ndovu anampanda panya! Nilimwambia hilo kwa vipimo haliwezekani. Akasema, "Ndiyo maana yeye ni mungu na wewe ni fundi." Mikono minne ni kwa sababu ana kazi nyingi. Hilo nililielewa.

Mimi nilirudi kazini nikimtazama yule bwana wa langoni kwa jicho jingine. Alikuwa bawabu. Siku yake ya kwanza kazini alimzuia bosi.

Sasa nikwambie jambo la kukufurahisha. Kwa upendo huo niliompenda, nimemfanyia kitu ambacho fundi mwingine hangekifanya. Wiki iliyopita tulipokuwa tukimpaka, kule juu kabisa nikagundua jino lake moja limekatika. Pembe moja nzima, nyingine kigutu. Aibu gani hiyo, mungu wa watu miaka yote anakaa na jino bovu juu ya lango, na hakuna aliyejali! Sikumwambia mtu. Nikakoroga saruji, nikatia waya ndani, nikalijenga jino jipya kwa mkono wangu, msasa juu yake, rangi nyeupe mara mbili. Ukitazama sasa huwezi kujua lipi la zamani lipi jipya. Hata mimi mwenyewe siwezi kujua.

Ni zawadi yangu ya Diwali kwao, hawajaiona bado. Tulipomaliza, Maharaj, kasisi wao, aliagiza sanamu ifunikwe shuka nyekundu mpaka siku ya kufunuliwa, Jumamosi ya kabla ya Diwali. Watakusanyika wote, mwenyekiti atavuta shuka, na hapo ndipo watakapojua Randu Tsuma ni nani.

Musyoka amekwenda Kitui kumzika shangazi yake. Hakuacha pengo, ni mkorogaji tu. Imebaki kupaka ukuta wa chini.

Mjomba wako asiyelala,
Randu


Shuleni
27 Septemba 2025

Mjomba,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Nisamehe kama sitatoa salamu ndefu, mkaza mjomba na mama wanajua nawapenda.

Mjomba, ulimuuliza mtu yeyote kabla ya kulitengeneza lile jino?

Niliisoma barua yako bwenini kama kawaida. Hadithi ya manjano ilipendwa mno, Mercy wa kitanda cha jirani alilia pale kichwa kilipokatwa. Halafu nikafika kwenye jino, wakapiga makofi. Kesho yake nilikwenda maktaba kutafuta picha yake niwaonyeshe, na Madam Emmaculate akanisaidia kupata kitabu. Mjomba, katika kila picha jino moja limekatika. Kila picha. Ya jiwe, ya shaba, ya kuchorwa. Madam anasema wana hata jina wanalomwita lenye maana ya Mwenye Jino Moja. Si bovu. Ndivyo alivyo. Kuna sababu, ila kitabu hakikuieleza.

Madam akaniuliza, "Mjomba wako amekwishalipaka?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mwandikie leo."

Watu wote wale watakuja siku ile. Watavuta shuka wamkute mungu wao kabadilishwa. Mimi sijui watafanya nini, lakini ninajua utasimama pale mbele umevaa shati lako la Krismasi ukingoja wakushukuru, na hilo ndilo linaloniuma. Na ndiyo kazi kubwa kuliko zote ulizowahi kupata, mjomba.

Tafadhali waambie mapema. Au likate.

Eddah


Bombolulu
6 Oktoba 2025

Mpwangu,

Barua yako ilifika. Hapa wazima. Mvua ya vuli imeanza kujaribu, jana ilinyesha Kisauni yote, ikaruka Bombolulu. Mahamri ya Margret bado yanaisha. Paka wetu amezaa chini ya kitanda.

Kuhusu lile ulilosema. Vitabu ni vitabu. Mimi nimeshapaka rangi mpaka kwenye feri, nimeona mengi ambayo hayamo kitabuni. Mwenye kutengeneza kitu hakosi. Lakini kwa kuwa umeandika kwa heshima, nimekusikia.

Kazi inaendelea vizuri sana. Ukuta wa chini nimeupaka mara tatu, mwenyekiti ameniuliza mbona sihami hapo, nikamwambia msingi ndio nyumba. Shuka nyekundu iko pale pale juu. Upepo ukivuma inajibana usoni pake, zinaonekana pembe mbili zimechomoza chini ya kitambaa, sawasawa kabisa. Nikiona upepo unakuja naanza kuzungumza na watu kwa sauti ili wanitazame mimi.

Musyoka bado hajarudi. Nilikwenda kwa jirani nikaazima simu nimpigie, hapatikani. Kwao mpaka mtu apande mlima ndipo simu ishike. Nilikuwa na jambo dogo tu la kumuuliza, la kikazi.

Hebu nikuulize na wewe, kwa sababu ya elimu tu. Kwenye hicho kitabu, jino lililokatika ni la upande gani?

Nijibu kwa haraka. Mpe dereva wa basi la asubuhi, mwambie ailete kwa Margret pale kituoni.

Randu


Shuleni
10 Oktoba 2025

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Madam mwenyewe amenipeleka stendi kumpa dereva barua hii, kwa hiyo ameijua habari yote, nisamehe.

Kitabu hakisaidii. Picha nyingine limekatika la kulia, nyingine la kushoto. Madam anasema inategemea aliyechonga. Kwa hiyo lenu mnalijua nyinyi tu wa Mkomani.

Lakini mjomba, kuna kitu sikielewi, na nimekifikiria hata wakati wa sala. Ulilijenga kwa mkono wako. Ulikuwa nalo uso kwa uso. Hata kama umelipaka vizuri namna gani, mtu aliyesimama pale juu akatia waya kwenye jino hukumbuka kama lilikuwa mkono wake wa kulia au wa kushoto. Na kama umesahau, kwa nini usipande tu ukachungulia chini ya shuka, ukakwaruza kidogo? Saruji mpya itajulikana. Kwa nini unampigia simu mkorogaji wa rangi?

Sikuulizi kwa ubaya. Nenda kwa Mama Manjula. Yeye hawezi kukuchongea.

Nakuombea, na bweni zima linakuombea, pamoja na msichana mmoja aliyekuwa ameacha kusali.

Eddah


Bombolulu
19 Oktoba 2025

Eddah mwanangu,

Huenda barua hii ikakukuta unafunga sanduku kurudi nyumbani, lakini siwezi kungoja. Sote wazima, nawe nakuona mzima. Mwambie mwalimu wako na bweni zima: jana shuka imevutwa. Hekalu lilijaa mpaka nje barabarani, ngoma, maua, wanawake wamevaa sari za rangi zote nilizowahi kukoroga. Mwenyekiti akavuta kamba, shuka ikaanguka, na yule bwana akatokea juu pale anang'aa, mkonga umepinda, jino moja zima na jino moja kigutu. Watu wakashangilia. Mwenyekiti akanigeukia mbele ya kadamnasi: "Fundi, umepaka vizuri, na hukuharibu kitu." Mama Manjula akaanza kukohoa, ikabidi apewe maji. Mimi nimepewa boksi la ladu, vile vitamu vyao vya mviringo, na kazi ya kupaka ukumbi wao wa harusi mwezi wa Januari.

Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Nilikwenda kwa Mama Manjula kama ulivyosema. Nilimzunguka kidogo. Nikamwuliza, "Mama, tuseme mtu ameota ndoto kuhusu Ganesha wetu, katika ndoto hiyo jino lililokatika lingekuwa upande gani?"

Akaacha kutunga. "Kwani sasa hivi liko upande gani?"

Nikayasifu maua yake.

"Fundi."

"Mama, sasa hivi ni mazima yote mawili."

Alicheka, Eddah, kile kikapu kikapinduka, maua yakatapakaa uani. Alicheka akijifunika na ncha ya sari. Halafu akaacha kucheka ghafla, akatazama juu kwenye shuka, akasema, "Kesho kutwa wanafunua." Akavaa uso mwingine. Akaniambia twende kwa Maharaj.

Mimi nilidhani nitafukuzwa. Margret nilikuwa nimeshamwambia aweke akiba ya unga. Maharaj ni mtu mwembamba, ana sauti nyororo, hajawahi kunisemesha zaidi ya namaste. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akashika kidevu. Akasema, "Meno mawili? Basi ataandikia nini?"

Sikumwelewa. Ndipo nikawataka wanieleze yote, na wakanieleza, wawili wale, wakiwa chini pale wameniinulia macho kama wanafunzi mbele ya mwalimu. Na walibishana!

Maharaj alisema hivi. Kulikuwa na mzee mwenye hekima aliyekuwa na hadithi ndefu kuliko zote duniani kichwani mwake, ya vita vya ndugu kwa ndugu, akatafuta wa kumwandikia. Hakuna aliyeweza ila Ganesha. Ganesha akasema nitaandika, lakini usisite hata mara moja, ukisita naondoka. Mzee akasema sawa, lakini nawe usiandike neno hujalielewa. Kwa hiyo mzee akichoka hutupa fumbo gumu, Ganesha anabaki analiwaza, mzee anapata kuvuta pumzi. Werevu gani huo! Wakaendelea, siku kwa siku, mpaka katikati kalamu ikavunjika. Na hadithi haisimami. Basi Ganesha akashika jino lake mwenyewe, akalivunja, akachovya wino, akaendelea kuandika.

Mama Manjula akadakia, "Hiyo ya wasomi. Fundi mpe ya kweli." Yake ni kwamba Ganesha alikuwa amekula ladu kwenye sikukuu mpaka tumbo likawa kama mtungi, akapanda panya wake kurudi nyumbani usiku. Nyoka akakatiza njia, panya akaruka, Ganesha akaanguka chini, tumbo likapasuka, ladu zikamwagika. Akazirudisha zote tumboni, akamkamata yule yule nyoka akajifunga kama mshipi. Mwezi huko juu ukaona, ukacheka. Akang'oa jino akautupia. Ndiyo maana mwezi hupungua na kukua, na usiku wa sikukuu yake watu hawautazami.

"Nyoka alikuwa akitafuta nini pale?" nikauliza.

"Alikuwa anapita zake," akasema Mama Manjula. "Si kila mtu yuko barabarani kwa ajili yako."

Nikauliza basi ipi ni kweli. Maharaj akasema zote. Akasema nyumba yenye milango mingi haiulizwi ni upi wa kweli, unaingia kwa ule ulioukaribia. Sijui nimelielewa hilo, lakini tangu jana nalizungusha kichwani wakati wa kulala.

Na upande ni Mama Manjula aliyeujua. Kigutu kilikuwa mahali pazuri pa kunguru kutua. Miaka yote kunguru alitua pale akichafua maua yake, mpaka mama akahamisha kigoda kutoka upande wa jikoni akakiweka upande wa pili, upande wa bomba la maji. Kwa hiyo kigutu ni upande wa jikoni. Likakatwa kwa msumeno, likapigwa msasa, likapakwa, shuka ikarudishwa. Kipande cha jino langu jipya Maharaj amekiomba, anasema kitamsaidia kuzuia mlango wa stoo usijifunge.

Hapo ningeweza kumaliza barua, na ingekuwa barua nzuri. Lakini uliniuliza swali, na sikulijibu, na wewe hujawahi kuniuliza kwa ubaya.

Musyoka si mkorogaji. Musyoka ndiye hupanda. Miaka yote hii, hata lile dari la Shelly Beach, ni yeye aliyekuwa juu. Mimi nachagua rangi, nazungumza na wenye nyumba, nashika ngazi. Kipandio cha tatu nikikifikia miguu inaanza kutetemeka kama ya ndama, sijui kwa nini, nimekuwa hivyo tangu nizaliwe. Siku ya jino alipaza sauti kutoka juu, "Bosi, huku kuna jino limekatika," na mimi nikajibu "Jaza!" bila kuinua uso, nikitazama miguu ya ngazi. Ndiyo maana sikujua upande.

Na Musyoka bado yuko Kitui. Mama Manjula ana magoti mabovu, Maharaj haruhusiwi na daktari. Jino halikuweza kungoja. Kwa hiyo pale niliposema wale wawili walikuwa chini wameniinulia macho, ni kwa sababu walikuwa wameshika ngazi. Kukata nilikata, hilo ni kweli, na unaweza kumwambia kila mtu. Kushuka ndiko kulikokataa. Ndipo wakaanza kunisimulia, mmoja baada ya mwingine, ili nisahau nilipo, kama watoto wanavyosimuliwa wakichomwa sindano. Ya mwezi niliisikia yote. Ile ya kuandika, usiniulize iliishaje, ile hadithi ndefu ya vita na nani alishinda. Maharaj aliisimulia mpaka mwisho, ila wakati huo nilikuwa nimemkumbatia ndovu shingoni, macho nimefumba, namwita mama.

Mjomba wako,
Randu